Gundi, uzi na maji yanayojaa baada ya kupasuliwa tumbo

Mama mmoja muuza vitenge alinijia hapa Arua, Uganda, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemfanyia upasuaji wa ngiri ya kovu, ile inayochomoza pale mtu alipowahi kupasuliwa kwa ajili ya uzazi. "Mwanangu daktari, ngiri imerudi," akaniambia. Nikamlaza, nikaweka kiganja upande mmoja wa kitovu, nikagonga upande wa pili kwa kidole. Wimbi likapita chini ya ngozi mpaka kiganjani, kama maji ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki. Haikuwa ngiri, ilikuwa seroma, yaani maji yaliyojaa chini ya ngozi baada ya upasuaji. Nilivuta mabomba sita ya mililita 50, maji ya rangi ya chai nyepesi, hayana harufu. Kosa lilikuwa langu. Nilimwondolea mrija wa kutolea maji siku ya tatu ungali unatoa maji mengi, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kurudi sokoni nami nikamkubalia.

Maji hayo hayatoki kwenye utumbo. Ili kuifikia ngiri kubwa tunabandua ngozi pamoja na mafuta yake kutoka kwenye ukuta wa misuli. Mishipa midogo ya limfu inakatika, jeraha lenyewe linatoa majimaji, na kati ya matabaka hayo mawili panabaki uwazi. Mgonjwa akikohoa au akiinuka kitandani, tabaka la juu linateleza juu ya la chini na kubandua kile kilichokwisha kuanza kushikana. Mrija unanyonya maji, lakini hauzuii kuteleza huko. Kwangu mimi, adui ni ule uwazi.

Hapo ndipo gundi inapoingia. Aina moja hutengenezwa kwa damu ya binadamu: protini mbili za damu, fibrinojeni kwenye bomba moja, thrombini kwenye jingine. Zikichanganyika zinaganda, maana ndiyo hatua ile ile ya mwisho inayogandisha damu ukijikata kidole. Inapaswa kupuliziwa nyembamba sana. Ukiimwaga nene inakuwa pazia, na matabaka yanashindwa kugusana. Majaribio yake yametoa majibu yasiyofanana, wengine wakiona maji yamepungua, wengine wasione tofauti.

Aina nyingine haina damu. TissuGlu ya Marekani ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, mwezi wa Februari 2015, kwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Hudondoshwa tone tone, huganda kwa unyevu wa mwili, na nyama hushikana katika nafasi zilizo kati ya matone. Katika jaribio lililopelekea kibali hicho, asilimia 73 ya waliowekewa gundi hawakuhitaji kutolewa maji baadaye. Waliweza kuoga na kupanda ngazi mapema kuliko wenye mirija, ingawa maumivu yalikuwa sawa. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini geuza hesabu: zaidi ya robo yao bado walihitaji kutolewa maji.

(Naulizwa mara nyingi kama supaglu ya dukani inaweza kufanya kazi hiyo. Hapana, kabisa. Ni sumu kwa nyama ya ndani.)

Sasa tuje kwetu. Gundi ile ya damu, iitwayo ya fibrini, ikihifadhiwa kwa kugandishwa inataka friza ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, na umeme tunaujua. Bei nayo si ya mgonjwa anayeuza ng'ombe ili afike thieta. Kwa hiyo mimi natumia uzi. Madaktari wawili wa Dallas, Harlan na Todd Pollock, waliieleza njia hiyo mwaka 2000: kabla ya kufunga ngozi, unashona upande wa chini wa mafuta kwenye ukuta wa misuli, mshono baada ya mshono, kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Ni kazi ya fundi wa godoro la pamba, anayepitisha uzi mpaka upande wa pili ili pamba isihame. Unaongeza kama nusu saa mezani na mtu wa usingizi ananitazama, lakini matabaka hayatelezi. Uganda imeshaonyesha kwamba kitu cha bei nafuu kinaweza kutosha: jaribio lililochapishwa mwaka 2016, la wanaume 302, lilionyesha kwamba wavu wa chandarua uliosafishwa vizuri unaziba ngiri ya kinena sawa na wavu wa kiwandani.

Yule mama nilimfunga mkanda wa tumbo, nikamvuta maji mara mbili zaidi, yakakoma. Seroma ndogo isiyouma naiacha ikauke yenyewe, kwa sababu kila sindano ni mlango wa vijidudu. Ikiwa na joto, wekundu au homa, njoo siku hiyo hiyo.

Na wewe unayemuuguza ndugu yako mwenye mrija, weka daftari kando ya kitanda. Kila asubuhi andika mililita ngapi zimetoka. Zikishuka chini ya 30 kwa siku, siku mbili mfululizo, ndipo mniambie habari za safari.