Uachiliaji: chuma cha kinu cha nyuklia hupimwaje kabla ya kutoka getini

Kinu cha nyuklia kikibomolewa, sehemu kubwa ya kinachobaki ni zege, ngazi, nyaya na mabomba ambayo hayakuwahi kugusana na fueli. Greifswald, katika Ujerumani Mashariki ya zamani, vinu vilizimwa mwaka 1990 vikaacha takriban tani milioni 1.8 za vitu vya kupanga: kipi kizikwe, kipi kiuzwe kama chuma chakavu. Uachiliaji ndio utaratibu wa kuthibitisha, kwa vipimo na kwa idhini ya mamlaka, kwamba kitu hakihitaji tena kulindwa.

Hakuna anayetafuta sifuri; hata ndizi ina potasiamu-40, ambayo hutoa mionzi. Kigezo cha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ni kwamba vitu vilivyoachiliwa visimwongezee mtu zaidi ya takriban maikrosiveti 10 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka, wakati mionzi ya asili humpa wastani wa 2,400. Hapo ndipo unapotoka ukomo wa kila aina ya atomu: kobalti-60 bekereli 0.1 kwa gramu (bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde), tritiamu, ambayo ni dhaifu mno, bekereli 100.

Kupima kwenyewe ndiko kwenye kazi. Uchafu uliogandia juu huondoka kwa kupigwa chembe za chuma au kuoshwa kwa asidi. Lakini chuma kilichokaa karibu na kiini cha kinu kimegeuzwa kuwa cha mionzi hadi ndani na nyutroni, chembe zinazoruka kutoka kwenye kiini, na huwezi kukisugua. Bomba nalo lina hila zake: mionzi ya beta haivuki ukuta wake, kwa hiyo kifaa kikipitishwa nje kinaweza kukaa kimya kumbe ndani kumechafuka. Basi bomba hupasuliwa kwa urefu kwanza.

Nikeli-63, atomu nyingine yenye mionzi, haionekani kabisa kwa vifaa vya mkononi. Maabara hutafuta uwiano wake na kobalti-60 kwenye sampuli, kisha mafundi hupima kobalti tu na kukisia nikeli. Tatizo ni kwamba nusu ya kobalti hupotea kila baada ya miaka 5.3, nikeli yahitaji takriban miaka 100. Ukitumia uwiano wa zamani bila kuusahihisha, utaona kobalti kidogo ukadhani mambo ni shwari. Na kuchanganya chuma kichafu na kisafi ili wastani ushuke ni marufuku.

Ukali huu una sababu. Mwaka 1983 huko Ciudad Juárez, Meksiko, kobalti-60 ya mashine ya tiba, wala si ya kinu, iliangukia kwenye vyuma chakavu ikayeyushwa ikawa nondo. Iligunduliwa Januari 1984, pale lori lililobeba nondo hizo lilipopita karibu na kipimamionzi cha maabara ya Los Alamos, Marekani. Nyumba kadhaa zilikwisha kujengwa kwa nondo hizo, zikabomolewa.