Ukaazi wa kikodi: kodi ya mapato kwa anayehamia kazini ng'ambo katikati ya mwaka

Ukaazi wa kikodi ni hadhi inayoamua nchi ipi itakutoza kodi kwa mapato yako yote, popote ulipoyapata. Si uraia, wala si kibali cha kazi. Asiye mkaazi hutozwa kwa mapato yenye chimbuko ndani ya nchi husika tu, kama mshahara wa kazi aliyoifanyia humo au pango la nyumba yake iliyo humo. Marekani ina utaratibu wake: raia wake hujaza ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) popote aishipo, kwa hiyo kuhama hakumwondolei wajibu huo.

Ukihama katikati ya mwaka, swali la kwanza ni tarehe: ukaazi wako ulikoma lini huku, na ukaanza lini kule? Kanada huitaka tarehe ya kuondoka iandikwe kwenye ritani yenyewe. Uingereza huweza kuugawa mwaka, sehemu ya ukaazi na sehemu isiyo ya ukaazi, lakini kwa masharti. Usipoyatimiza, unahesabiwa mkaazi kwa mwaka wote. Halafu miaka ya kodi yenyewe hailingani. Nchi nyingi hufuata Januari hadi Desemba, Uingereza huanza 6 Aprili, Australia 1 Julai. Mshahara wa Mei unaweza kuingia mwaka mmoja huku na mwingine kule.

Hapa ndipo kipimo cha siku 183 za kukaa nchini, kiasi cha nusu mwaka, huwapoteza wengi. Watu hudhani kwamba ukikaa chini ya siku hizo hudaiwi kitu. Ukweli ni kwamba nchi nyingi hutazama pia nyumba uliyoiacha, familia yako iko wapi na shughuli zako za kiuchumi ziko wapi. Katika mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili iliyofuata kielelezo cha OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), ili mshahara wako usitozwe unakofanyia kazi, siku 183 huja na masharti mengine mawili: mwajiri anayekulipa asiwe mkaazi wa nchi unayofanyia kazi, na mshahara wako usibebwe na tawi lake lililo huko. Aliyeajiriwa na kampuni ya huko huko hana kinga hiyo hata akikaa siku 40.

Nchi mbili zikikudai kwa pamoja kuwa mkaazi wao, mkataba wa aina hiyo kati yao hupanga ngazi za kuamua: makazi ya kudumu yako wapi, maslahi yako yameelemea wapi zaidi, kwa kawaida unaishi wapi, kisha uraia. Ikishindikana, mamlaka za nchi hizo hukubaliana zenyewe. Ngazi hufuatwa kwa mpangilio huo. Uraia hauruki foleni.

Sasa makato ya mshahara. Mara nyingi mwajiri hukata kodi ya kila mwezi akichukulia kwamba utafanya kazi mwaka mzima. Tuseme unalipwa 3,000 kwa mwezi, 12,000 za kwanza za mwaka hazitozwi, na zinazozidi hutozwa asilimia 20. Kwa mwaka mzima kodi ingekuwa 4,800, yaani 400 kila mwezi. Ukiondoka mwisho wa Juni umepata 18,000, na kodi halali ni 1,200, ilhali umekatwa 2,400. Kwa hesabu hii una 1,200 za kurudishiwa, na kwa kawaida hazirudi bila kuombwa; Uingereza, kwa mfano, ina fomu P85 kwa wanaoondoka. Lakini nchi nyingine hupunguza kiwango kisichotozwa kulingana na miezi ya ukaazi. Kikishuka hadi 6,000, kodi inakuwa 2,400 kamili na hakuna cha kurudishiwa. Kagua kanuni hii kabla ya kuipangia matumizi fedha hiyo.

Bonasi inayolipwa baada ya kuhama nayo husumbua. Kwa kawaida hufuata mahali kazi ilipofanyika, si mahali ulipo siku inapoingia benki. Bonasi ya mwaka uliofanya miezi sita huku na sita kule hugawanywa. Mwajiri asipoigawa, utakatwa yote upande mmoja na kudaiwa tena upande wa pili.

Ikitokea pato moja limetozwa mara mbili, dawa ya kawaida ni nafuu ya kodi iliyolipwa ng'ambo, na unaidai katika nchi ya ukaazi wako. Ulilipa 1,000 ugenini na nchi ya ukaazi inadai 1,400, unaongeza 400. Ulilipa 1,600, huongezi kitu, ila zile 200 za ziada kwa kawaida hurudishiwi. Ili nafuu ikubaliwe utahitaji uthibitisho wa kodi iliyolipwa kweli. Hati ya mshahara peke yake mara nyingi haitoshi.

Omba kwa mwajiri wa zamani, kabla hujaondoka, hati ya jumla ya mapato na makato. Tunza tiketi na mikataba ya pango, maana pasipoti siku hizi haipigwi mhuri kila mpaka. Akaunti ya benki ya zamani usiifunge, wala laini ya simu inayopokea namba za kuingilia mfumo wa kodi, hadi marejesho yaingie.