Chupa na saruji zinavyogombana ndani ya terazo

Kaunta ya kwanza ya terazo, yaani zege lenye vipande vigumu lililosuguliwa, niliyoimwaga kwa vipande vya chupa ilikuwa nzuri mno. Chupa za kijani na kahawia, saruji nyeupe, nikaisugua mpaka ikang'aa. Mwezi wa nane mama mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, njoo uone." Pembeni mwa sinki, panapolowa kila siku, nyufa nyembamba zilikuwa zimetambaa kama utando wa buibui, na kila kipande cha chupa kimezungukwa na ute mweupe uliokauka.

Ute huo ndio kiini cha kazi yetu. Kioo cha chupa ni silika kwa takriban asilimia 70, tena silika legevu, si imara kama ya mchanga wa mto. Saruji nayo ina alkali kali. Alkali huila silika polepole, hutoka jeli, jeli hunywa maji na kuvimba. Zege likikosa pa kutanukia, hupasuka.

Dawa yake inaweza kuwa kioo hichohicho. Kikisagwa kikawa unga wa kupita chekeche ya maikroni 75 (sehemu 75 za elfu za milimita), hakileti uvimbe tena. Humenyuka mapema na chokaa ya saruji na kuliimarisha zege. Mimi hupunguza saruji kwa asilimia 20, nikaweka unga huo au kaolini, udongo mweupe wa Pugu, iliyochomwa kwenye nyuzi joto kama 750. Majivu ya pumba za mpunga nayo yanafaa, ila hutia weusi.

Kabla ya kumwaga, napima. Vijiti vya mchanganyiko hukaa siku 14 katika maji ya kostiki soda yenye nyuzi joto 80. Vikirefuka chini ya asilimia 0.10, naendelea. Vikizidi 0.20, mchanganyiko huo nauacha, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Mabaki ya tailizi hayana ugomvi huo; yana kiu. Tailizi nyingi za ukutani hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali kaure ya sakafuni haifiki hata 0.5. Ukiitia ya ukutani ikiwa kavu, hunyonya maji ya saruji inayoishika, na siku ya kusugua kipande hung'oka na kuacha shimo. Iloweke usiku kucha, ipanguse, ndipo uichanganye. Na usisugue kavu kamwe: vumbi la tailizi lina silika inayotia makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi.

Kaunta ile niliing'oa, nikamwaga nyingine ya vioo na kaure kwa gharama zangu. Sasa ina miaka minne bila ufa. Ina alama moja tu, duara lililofifia karibu na jiko, kipande cha ndimu kilipolala usiku mmoja. Vioo na kaure havikudhurika. Iliyoliwa na asidi ya ndimu ni saruji iliyo katikati yake.