Oganogramu: nani anaripoti kwa nani kampuni inapokua

Oganogramu, yaani chati ya muundo wa kampuni, ni mchoro wa visanduku na mistari. Kisanduku ni nafasi ya kazi, na mstari unaonyesha mwenye nafasi hiyo anaripoti kwa nani. Basi. Mshahara, ukongwe kazini na ukaribu na bosi havimo.

Mchoro wa awali unaotajwa sana ni wa reli ya New York and Erie, Marekani, wa mwaka 1855, chini ya msimamizi mkuu Daniel McCallum. Hoja yake ilikuwa kwamba reli ya maili 50 msimamizi anaweza kuishughulikia mwenyewe, ila ya maili 500 haishikiki bila mfumo. Kampuni ndogo hupita njia hiyohiyo. Watu 8 wanaweza kumuuliza mwenye mali kila kitu. Wakifika 30, kazi inakwenda kwa mwendo wa foleni ya mlangoni kwake.

Chukua bekari yenye watu 34. Usianze na majina. Orodhesha kwanza kazi zote za wiki: kununua unga, kukanda, kuoka, kufungasha, kupeleka madukani, kukusanya fedha, kutengeneza tanuri. Zinazokwenda pamoja ziweke kundi moja, na kila kundi lipate mkuu mmoja: uzalishaji, mauzo na usambazaji, manunuzi, fedha. Majina yaje mwisho. Ukianza na majina utajikuta unabuni vyeo vya kuwaridhisha watu. Anayefanya kazi mbili aandikwe kwenye visanduku viwili, ili ionekane wapi pa kuajiri kwanza. Nafasi isiyo na mtu ichorwe kwa mstari wa vipande.

Mkurugenzi sasa anaripotiwa na watu 4 badala ya 33. Kwa kazi zenye maamuzi mengi, watu 5 hadi 8 kwa kiongozi mmoja wanatosha. Kwa kazi ya kujirudia kama kufungasha, hata 12 wanaongozeka. Tanuri likiwaka usiku na mchana, mkuu wa uzalishaji hawezi kuwepo muda wote, kwa hiyo chini yake weka wasimamizi wawili wa zamu, kila mmoja na watu wake 7. Usiongeze ngazi kwa ajili ya heshima ya cheo: meneja mwenye mtu mmoja chini yake ni mdomo mmoja zaidi wa kupitisha habari kwamba unga umeisha.

Stoo ndiyo hukosewa sana. Wengi humweka mtunza stoo chini ya afisa manunuzi kwa kuwa wote wanashughulika na unga. Sasa afisa ameagiza magunia 100, yamefika 95, na wa kusaini hati ya kupokea mzigo ni mtu anayemtegemea afisa huyohuyo. Hayo matano nani atayasema? Mtunza stoo awe chini ya fedha.

Mstari mzima, yaani usiokatika, uwe mmoja tu kwa kila mtu. Dereva anaripoti kwa mkuu wa usambazaji; fedha za mikate anazikabidhi kwa keshia, na uhusiano huo uchorwe kwa nukta. Akiwa na mistari mizima miwili, siku wakuu wake wakitofautiana atamtii anayefoka zaidi.

Kuna pia shemeji wa mwenye mali, hana kisanduku lakini anawatuma madereva. Apewe nafasi yenye mipaka au aache kuamrisha. Kalamu peke yake haiwezi kulitatua hilo.

Andika tarehe pembeni, na urekebishe kila anapoingia au kutoka mtu. Kisha mwulize dereva yeyote: ukiamka unaumwa, unampigia nani simu? Akitaja jina tofauti na la kwenye chati, hapo pana kazi.