Je, wajua kwa nini mtoto mchanga hulia zaidi akifika wiki ya sita?

Iwe Mikindani, Newala au Nachingwea, mtoto wa mwezi mmoja na nusu akililia jioni nzima, hukumu hutoka upesi: maziwa ya mama hayatoshi. "Mwanangu, huyu hashibi, mkorogee uji," bibi atasema. Jirani atataja dawa ya chango. Na mama aliyenyonyesha kutwa nzima ataanza kuamini kwamba mwili wake umeshindwa kazi.

Mara nyingi haukushindwa. Kilio cha miezi ya mwanzo kina kalenda yake. Huanza kuongezeka mtoto anapofikisha wiki 2 hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua mpaka mwezi wa 3 au wa 4. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za vilio vya watoto 80 wenye afya. Katika wiki ya 6, mtoto wa katikati kati yao (nusu walilia zaidi yake, nusu pungufu) alilia karibu saa 2 na dakika 45 kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa jioni.

Kilele hicho kimeonekana hata kwa watoto wa Wakung (jamii ya wawindaji wa Kalahari, kusini mwa Afrika), wanaobebwa karibu muda wote na kunyonyeshwa mara nyingi sana. Tofauti ni kwamba kila kilio chao huisha mapema. Jambo la ajabu zaidi ni la watoto njiti: kilele chao huja takriban wiki 6 baada ya tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, si tarehe waliyozaliwa. Kama sababu ingekuwa upungufu wa maziwa, kusingekuwa na maana ya kilio kufuata tarehe ambayo mtoto alikwisha kuitangulia. Inaelekea ni hatua ya kukua kwa ubongo, ingawa undani wake bado unachunguzwa.

Basi kwa nini uji una sifa ya kutuliza? Kwa sababu huanzishwa kilio kikiwa kileleni. Mtoto akipewa uji wiki ya 7 na kilio kikapungua wiki ya 10, uji ndio unaoshukuriwa, wakati kilio kilikuwa njiani kupungua hata bila uji. Dawa ya chango hupata sifa kwa njia hiyohiyo.

Hasara ya uji iko kwenye maziwa. Fikiria kisima kilichochimbwa mchangani kando ya Mto Ruvuma wakati wa kiangazi. Ukichota, maji hupenya polepole kutoka pembeni na kujaa tena. Wachotaji wakija mara kwa mara, kisima hubaki wazi. Wakipata maji kwingine, mchanga huporomoka na kukifukia. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Ziwa likikaa limejaa, utengenezaji hupungua. Mtoto aliyeshiba uji hanyonyi sana, kwa hiyo maziwa yanapungua kweli, na hukumu iliyokuwa ya uongo inatimia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6.

Kama maziwa yanatosha, utajua kwa mkojo na mizani kuliko kwa sauti. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayepata ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake hupanda kwenye kadi ya kliniki. Njaa yenyewe huonekana kabla ya kilio: hugeuza kichwa kutafuta ziwa, hulamba midomo, hunyonya ngumi. Mnyonyeshe hapo.

Ameshanyonya, amebeua, nepi ni kavu, na bado analia? Mweke kifuani, tegemeza shingo yake, utembee naye. Utafiti wa Japani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtoto anayebebwa na mama anayetembea hutulia na mapigo ya moyo wake hupungua, kuliko mama akiwa amekaa. Kwa wale wanaolia kupita kiasi, kubebwa zaidi hakujathibitika kupunguza kilio. Hasira ikikupanda, mlaze mahali salama, mwite shangazi au baba mtu, utoke nje kidogo. Usimtikise kamwe, ubongo wake unaweza kuumia vibaya.

Kilio cha kalenda hii ni cha mtoto anayenyonya na kukua vizuri. Akikataa ziwa, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akipata degedege, au akinyamaza kwa ulegevu baada ya kulia sana, mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.