Mofini ya maji sio dawa ya kumalizia mgonjwa

Jamani, hili tunakutana nalo sana kliniki ya tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito kama saratani): chupa ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, inarudi ikiwa nusu, mgonjwa kalia usiku kucha na dawa ipo kabatini, ukiuliza unaambiwa "tulikua tunaitunza mpaka azidiwe", au shangazi mtu kasema akianza hiyo basi ndo anaondoka. Naelewa hofu inatoka wapi, wengi wetu mofini tumeiona kwa mtu aliyekua siku zake za mwisho, basi dawa ikabebeshwa lawama za ugonjwa.

Maumivu ya saratani yapo muda wote, kwa hiyo dawa nayo inafuata saa, haisubiri kilio. Mofini ya maji inashika kama masaa manne hivi ndo maana tunaandika saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku mara nyingi tunatoa dozi mbili kwa pamoja ili alale mpaka asubuhi (hiyo uelekezwe na daktari au nesi wako, usijipangie mwenyewe). Shirika la Afya Duniani linasema hivi tangu 1986: dawa kwa mdomo na kwa saa. Ukingoja maumivu yapande kwanza, kuyashusha kunakua kazi kubwa na mtu kashateseka bure.

Na uteja je? Mgonjwa anayepewa kwa ajili ya maumivu, kaanzishwa dozi ndogo na inapandishwa taratibu, ni nadra sana kuwa teja. Mwili unaizoea kweli, kwa hiyo msiikate ghafla. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, wengi wanalipia usingizi waliokosa wiki nzima. Kinachosumbua na hakiishi chenyewe ni choo kigumu, so dawa ya kulainisha choo kama bisakodili ianze siku ile ile na mofini, msingoje afunge choo siku tano.

Pia tiba shufaa sio ya kuja mwishoni. Boston, Marekani, 2010 walitoa utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakaonwa na timu ya tiba shufaa mapema huku matibabu ya saratani yakiendelea. Hao wakawa na unafuu zaidi, sonona ikapungua, na wakaishi kama miezi 11.6, wenzao 8.9. Ni utafiti mmoja wa hospitali moja, siahidi mtu miezi, ila ile hofu kwamba ukija kwetu unafupisha maisha haipati nguvu hapo.

Waganda wametuonyesha njia, tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini, mgonjwa wa kijijini hasubiri daktari wa mjini. Natamani sana kila wilaya huku kwetu ifike hapo.

Kama mgonjwa ana shida ya figo tuambieni kabla, mofini inajikusanya mwilini. Na akisinzia mpaka haamshiki, au anapumua taratibu mno, dozi inayofuata msimpe, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na chupa yake mkononi.