Je, wajua kwa nini ayala haumwi shingo?

Siku ukinunua shingo ya mbuzi, mwangalie mwenye bucha anavyoipasua. Juu ya pingili, katikati ya nyama, kuna mkanda wa manjano unaovutika kama mpira. Uchemshe saa tatu na bado hautalainika. Kano nyingine zina kolajeni, huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Huu una elastini, na moto wa jikoni hauuwezi. Wengi huishia kumrushia paka. Ayala anao mkanda huohuo, ila wake una kazi ngumu zaidi.

Wasomaji wa Biblia wanamjua ayala kwa Zaburi ya 42, "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji". Huku kwetu mtu akilisikia jina hilo humfikiria kulungu au swala, lakini hao ni wa ukoo wa ng'ombe na mbuzi, na pembe zao ni za maisha. Ayala dume huziangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine mpya zenye matawi. Makao yao ni Ulaya, Asia na Amerika. Afrika nzima ina ayala wa asili wa aina moja tu, wa misitu ya Aljeria na Tunisia.

Pembe za dume mkubwa wa ayala mwekundu zinaweza kupita kilo 10. Hiyo ni ndoo ya lita 10 ya maji, na haikai utosini kama mama anavyoibeba kutoka kisimani. Shingo ya ayala imelala mbele ya mwili, kwa hiyo mzigo wote unaning'inia kwenye ncha.

Shingo hiyo ina pingili 7, sawa na yako, sawa na ya twiga. Tofauti iko nyuma yake. Kifuani ayala ana pingili 13, nasi tuna 12, na zile za mabegani zimeota miiba mirefu ya mfupa inayosimama wima. Ifikirie kama mlingoti wa jahazi. Ule mkanda wa manjano ndio kamba: umefungwa kisogoni, ukapita juu ya shingo na kushika ncha za miiba hiyo. Ayala akiinama kula majani, mkanda unavutika. Akishtuka na kuinua kichwa, unajikunja na kumsaidia kukirudisha juu. Misuli bado ina kazi, ila sehemu kubwa ya uzito imeshabebwa na kitu kisichochoka. Sisi mkanda wetu ni dhaifu mno, ndiyo maana abiria akisinzia kwenye daladala kichwa kinamwangukia jirani.

Kadiri pembe zinavyokuwa nzito ndivyo mlingoti unavyohitaji kurefuka. Ayala mkubwa wa kale aliyeishi Ulaya na Asia, ambaye sasa ametoweka, alibeba pembe za kilo 40 hivi, zenye upana wa zaidi ya mita 3. Miiba ya mabega yake ilikuwa mirefu kiasi cha kumfanya awe na nundu, na watu waliomwona kwa macho waliichora nundu hiyo ukutani katika pango la Cougnac, Ufaransa.

Kiunoni mambo ni mengine. Pingili 6 za hapo zina mbawa pana kila upande na zimeshikana kwa nguvu, hivyo mgongo haujikunji na kujikunjua kama wa duma akikimbia. Ni boriti. Tumbo lililojaa majani na maji linaning'inia chini yake kutwa, na miguu ya nyuma ikisukuma, nguvu hufika mbele bila kupotelea njiani. Wafugaji wa ayala New Zealand hujenga ua wa karibu mita 2, kwa sababu mfupi wanauruka.

Na anapotua? Mguu wa mbele wa ayala haujaungana na uti wa mgongo kwa mfupa wowote, wala hana mtulinga; bega limeshikwa kwa misuli mitupu, nayo hupokea kishindo. Hili pia utaliona buchani: mkono wa mbuzi hutoka kwa kisu peke yake, shoka likiwa bado limelala mezani.